Mwendo wa Skuta

Nyumba ya wageni, mji wa kiwanda cha saruji
Jumanne, 4 Juni

Bi Pasi wangu,

Nimefika salama. Mikono ipo, miguu ipo. Makalio sina hakika, siyasikii tangu mchana. Pengine yanakuja na basi la jioni.

Najua unacheka. Hata kinyozi wetu alicheka asubuhi nilipopita mbele ya duka lake, akatoka nje na mkasi mkononi, mteja kamwacha kitini na nusu ya nywele, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mzee Hamira, hiyo cherehani unaipeleka wapi?" Nikamwambia naipeleka mwisho wa lami, kwenye kinu cha unga. Akasema nikifika nimshonee suruali. Ndivyo mtaa ulivyoniaga. Miaka yote nimewatangazia kwamba siku nikistaafu nitapanda pikipiki kubwa yenye ngurumo ya kutikisa madirisha, niende kukiona kile kilima kilichochorwa kwenye magunia ya unga tuliyokuwa tukifungua kila siku pale kiwanda cha mikate. Safari nimeifanya. Ngurumo ndiyo imekosekana.

Skuta yenyewe haina neno. Haiendi mbio, lakini inaenda. Malori yananipita, mabasi yananipita, na kuna mzee mmoja wa baiskeli tulikwenda sambamba kipande kirefu tukaulizana habari za familia, halafu naye akanipita. Kwenye mwinuko nainama mbele kuisaidia. Sijui kama inasaidia, lakini kukaa wima naona ni utovu wa adabu.

Kwenye kituo cha mafuta nilikutana na wapanda pikipiki, kundi zima, makoti ya ngozi, mabuti mpaka magotini. Wakanikaribisha chai. Tukakaa meza moja tukapiga soga mpaka nikachelewa kuondoka. Watu wazuri sana. Kwa hiyo usije ukadhani niko peke yangu.

Sasa sikiliza. Simu tuiache. Leo nimekupigia, unakumbuka tulivyoongea: "Umefika?" "Bado." "Mvua ipo?" "Hakuna." "Haya." "Haya." Halafu tukabaki tunasikilizana pumzi mpaka salio likaisha. Sisi simu hatuiwezi. Maisha yetu yote nikirudi kutoka tanurini asubuhi, wewe ndiyo kwanza unatoka kwenda kufua mashuka ya hospitali, na tulijuana kwa vikaratasi tulivyoachiana mezani. "Maziwa yamechacha." "Mtoto ana homa, dawa iko juu ya kabati." "Nimekuota." Kazini walikuwa wakiniuliza yule binti tulimpata vipi, nikawaambia Jumapili zipo.

Basi tuandikiane. Mabasi ya njia hii yanapokea barua. Mpe karani wa stendi, aitume mji wa daraja la chuma, nitaifuata ofisini kwao.

Wako,
Hamira


Nyumbani
Jumatano, 5 Juni

Hamira,

Barua imefika. Karani wa stendi ameniuliza kama tumegombana. Nimemwambia hatujawahi kupata nafasi.

Hapa hakuna jipya. Bomba la jikoni limeanza kuvuja tena, nimelifunga kwa kitambaa. Usinipe maelekezo, nimeshalifunga. Kitanda kimekuwa kikubwa, nalala katikati, usingizi mtamu ajabu. Mke wa kinyozi anakuja kila siku, tunakaa mlangoni tunateta watu mpaka jua linazama. Kwa hiyo na wewe usije ukadhani.

Binti yetu amepiga simu kutoka huko ng'ambo. Kauliza baba yuko wapi, nikamwambia yuko juu ya skuta. Akauliza kama umeonana na daktari hivi karibuni. Nikamwambia baba yako ana akili timamu, ni ukaidi tu.

Lakini kuna kitu na mimi kinanikereketa. Pikipiki imeenda wapi? Ile picha yake ilikaa juu ya tanuri mpaka ikawa rangi ya mkate, wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia. Skuta ulikuwa ukiziita viti vya saluni. Ukipita na kuiona moja unatema mate pembeni. Halafu unastaafu, unakwenda dukani, unarudi na kiti cha saluni. Kwa nini?

Na lile sanduku ulilofunga nyuma, limekaa kama kabati la vyombo. Umepakia nini humo? Nauliza tu.

Vaa fulana ya ndani asubuhi. Kifua chako nakijua.

Bi Pasi


Mji wa daraja la chuma
Ijumaa, 7 Juni

Bi Pasi,

Karani wa hapa alinikabidhi barua yako kwa mikono miwili kana kwamba ni mtoto mchanga. Nimeisomea pale pale kaunta, kisha nimeisoma tena darajani, upepo ukataka kuninyang'anya. Fulana ya ndani nimevaa.

Jana mvua ilinikamata kwenye tambarare isiyo na mti wala nyumba. Nilikuwa naiona inakuja, nikakaza mwendo, lakini kukaza mwendo kwa skuta ni kama kumhimiza mtu anayefunga kamba za viatu. Ikanipata. Nikajibanza chini ya daraja dogo pamoja na mbwa mmoja ambaye hakutaka mazungumzo. Tulikaa hapo muda mrefu. Nilimweleza habari za hamira inavyoumuka vibaya siku za mvua, akageuza uso.

Pikipiki ni mambo ya vijana. Ukishafika umri wetu kuna vitu unavitazama upya. Tuyaache hayo.

Sanduku halina kitu. Nguo zangu ziko kwenye begi hapa mbele ya miguu, koti nimelivaa. Sanduku linagongagonga tu huko nyuma njia nzima, mfuniko wake haukazi vizuri.

Leo asubuhi nimeingia hoteli ndogo karibu na stendi. Mhudumu akauliza tuko wangapi. Nikasema wawili, sijui kwa nini. Akaleta vikombe viwili, akavijaza vyote. Nikaona aibu kumwambia, nikanywa kimoja, nikangoja kidogo, nikanywa na kingine. Kilikuwa kimepoa.

Kesho naendelea. Barua itume mji wa machimbo ya mawe, ndio wa mwisho kabla ya kinu.

Wako,
Hamira


Nyumbani
Jumamosi, 8 Juni

Hamira,

Sanduku halina kitu.

Nimeusoma mstari huo nikiwa nimesimama, nikavuta kiti. Halina kitu! Ebo! Mimi nilidhani lina spana, lina hema, lina sijui nini cha wanaume.

Siku ile asubuhi nilikuwa dirishani nimevaa. Nguo ya safari, viatu vya kufunga, kitambaa kichwani cha kuzuia upepo. Begi langu lilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa nangoja useme "twende". Neno moja tu, Hamira. Hata usingelisema, ungeinua tu uso ukanitazama. Nikachungulia, nikaona umefunga sanduku mahali pa mtu. Nikajiambia basi, mwenzangu ana safari yake na mizigo yake, mimi nani wa kujining'iniza. Nikavua viatu, nikavaa kandambili, nikatoka kukwambia safari njema. Nikakupungia mkono kwa adabu mpaka ukakata kona.

Kumbe nafasi yangu umeipa sanduku tupu. Bora lingejaa mawe.

Usinijibu kwa mzaha. Ukinijibu kwa mzaha sitaisoma.

Mke wako


Mji wa machimbo ya mawe
Jumatatu, 10 Juni

Mke wangu,

Ulikuwa umevaa viatu vya kufunga?

Nimeisoma ofisini kwa mabasi, karani akaniletea kiti na maji bila kuombwa. Sina mzaha leo. Ngoja nikueleze moja baada ya jingine.

Pikipiki nilikwenda kuiona. Ilikuwa pale pale dukani, nyeusi, inang'aa, na muuzaji alikuwa ameshaniandalia funguo. Nikapanda, nikashuka. Halafu nikamwomba anionyeshe mtu wa nyuma anapandaje. Akarusha mguu juu namna hii, mpaka hapa kwangu kwenye mbavu. Nikautazama ule urefu nikaifikiria nyonga yako, tangu ile operesheni unavyopanda ngazi kwa kushika ukuta na kujifanya unaukagua kama una vumbi. Nikamwuliza kama ana kitu ambacho mtu anakaa bila kurusha mguu. Akacheka, akanipeleka nyuma ya duka kwenye skuta. Hiyo ndiyo sababu. Haina nyingine.

Sanduku halikufungwa mahali pako. Limefungwa nyuma ya mahali pako. Kutoka dirishani huwezi kuona, lakini kati ya mgongo wangu na lile sanduku kuna nafasi ya mtu mzima na koti lake. Upande wa mbele nimebandika kigodoro cha kuegemea, nimekishona mwenyewe kwa mkono, ndiyo maana wiki ile vidole vilikuwa na plasta ukadhani ni kisu cha mkate. Na ndani halina kitu kwa sababu ni la vitu vyako.

Asubuhi ile niliwasha injini mapema makusudi. Nikafuta kioo, nikafuta taa, nikafuta kioo tena. Nikasema atatoka, ataona pa kukaa, atakaa. Ukatoka na kandambili ukasema safari njema. Nikadhani umekiona kiti na umekikataa. Nikadhani unaona haya kukalia kiti cha saluni mbele ya mtaa mzima, na kinyozi akiwa na mdomo ule. Nikaondoka ili nisikulazimishe.

Utauliza kwa nini sikusema. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni tangu siku niliyoileta skuta. Nikikaa mezani na wewe yananikimbia. Kama tungekuwa bado kazini ningekuachia kikaratasi na ungekikuta, lakini sasa uko hapo hapo mbele yangu unanimiminia chai, nikuachie kikaratasi vipi?

Na wale wapanda pikipiki hawakunikaribisha chai. Walinipigia honi, mmoja akaniambia nimeacha kikapu cha sokoni nyumbani. Chai nilikunywa nyuma ya kituo, nimekaa kwenye pipa la oili. Nilikuwa peke yangu tangu siku ya kwanza. Nimechoka kuwa peke yangu.

Panda basi. Mimi kesho naingia mji wa kinu, nitakungoja huko. Nitakuwa stendi kila basi likiingia. Tutakitazama kilima pamoja, turudi pamoja polepole, ukichoka tunasimama, ukichoka tena tunasimama tena.

Mume wako


Mji wa kinu
Alhamisi, 13 Juni

Mke wangu,

Basi la asubuhi limekuja, la mchana limekuja. Watu wa stendi wameshanizoea, muuza karanga ananiwekea kigoda. Kila mwanamke anayeshuka na kitambaa kichwani nasimama. Leo nimemsimamia mtu mmoja nikamshika begi kabisa, akapiga ukelele.

Kilima hakuna. Nimezunguka na skuta mji mzima, ni tambarare tupu pande zote, ukisimama juu ya ndoo unaona mwisho wa dunia. Nikaingia ofisi ya kinu nikamwuliza msichana wa mapokezi kilima kiko upande gani. Akanitazama. Akaita mkubwa wake, mkubwa akaita mkubwa wake. Mwishowe wakaniambia hakijawahi kuwepo, ni mchoraji wa magunia alijichorea tu kwa kuwa gunia lilikuwa na nafasi. Walinionea huruma wakanipa kofia.

Nilitaka kucheka, nikamtafuta wa kucheka naye. Nikatoka na kofia yangu.

Ungekuwepo ungesema kitu cha kukata, kama kawaida yako, na ningejiona mjinga, na ingekuwa sawa kabisa. Bila wewe nimejiona mjinga na haikuwa sawa.

Kama umekasirika njoo ukiwa umekasirika. Bado kuna basi la jioni.

Hamira


Nyumbani
Ijumaa, 14 Juni

Hamira,

Barua zako mbili ninazo hapa, ile ya kigodoro na hii ya kilima. Ya kigodoro nimeilalia. Nilikuwa nasema moyoni, mwanamume huyu na mikono ile ya kukandia unga amekaa na sindano. Nimelia, kama unataka kujua. Sikulia kidogo.

Nilikwenda stendi. Nilivaa vile viatu, nikabeba lile begi, nikakata tiketi. Nikafika mpaka mlangoni mwa basi, kondakta akasema, "Mama, ingia au toka, tunaondoka." Nikatoka.

Si hasira. Hasira iliisha ulipoandika habari ya nyonga. Ni woga, na nitakuandikia kwa sababu usoni siwezi kukwambia.

Tangu uondoke nina mume. Naamka najua kuna kitu cha kungoja. Unaniambia mambo ya mbwa na mvua na vikombe viwili, nakuona kabisa. Yule mtu aliyekuwa akiniachia karatasi ya "Nimekuota" chini ya kopo la sukari amerudi. Lakini kabla ya hapo, tangu tustaafu wote, yule mtu alikuwa amepotea nikiwa namtazama. Tulikuwa tunakaa mezani, wewe upande wako, mimi wangu, tunasikiliza friji. Unasema "chai nzuri", nasema "asante". Halafu wewe unakwenda kutazama kuta, mimi nakwenda kupiga pasi. Nilikuwa napiga pasi mataulo, Hamira. Nilipiga pasi vitambaa vya kudekia. Miaka ile ya kupishana mlangoni sikuwahi kuwa mpweke. Upweke nimeujua ulipokaa nyumbani.

Mke wa kinyozi hajaja hata siku moja. Kitandani silali katikati, nalala ukingoni kwangu, na asubuhi ile saa uliyokuwa ukirudi kutoka kazini naamka nabandika maji.

Sasa nikija huko nitapanda nyuma yako, upepo masikioni, njia nzima hakuna wa kusema. Jioni tutaingia nyumba ya wageni, tutakaa kila mtu kwenye ukingo wa kitanda tuulizane habari za mvua. Halafu tutarudi, na barua zitakwisha, na utapotea tena. Sitaweza kukupoteza mara ya pili ukiwa hapo hapo umekaa.

Kwa hiyo nakuomba kitu kigumu. Usirudi kwanza. Baki huko, tafuta chumba, uniandikie. Niandikie hata uongo. Mimi nitakuwa naandika kila siku.

Mke wako


Nyumbani
Jumatano, 19 Juni

Hamira,

Hii ni ya sita bila jibu. Karani ananiona naingia anaanza kutikisa kichwa nikiwa bado mlangoni.

Nilikwambia usirudi. Sikukwambia unyamaze. Kama nimekuumiza niambie nimekuumiza, nitukane, nitaipokea. Au unaumwa? Au ule mji hauna kalamu?

Leo nimekupigia simu. Mimi, Bi Pasi, nimepiga simu. Nilikuwa tayari kuzungumza habari za mvua mpaka salio liishe. Imezimwa.

Kinyozi ameniuliza mzee atarudi lini na cherehani yake. Nikajifuta macho kwa kitambaa, akaacha kucheka. Akasema atapeleka salamu kwa madereva wa malori wakutafute njiani. Amekuwa mtu mzuri ghafla, na hilo ndilo linalonitisha.

Ukipata hii andika neno moja tu. Andika "nipo".

Mke wako


Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 23 Juni

Mke wangu,

Nipo.

Niko hapa chumba cha mbele. Umesikia skuta, umefungua mlango, umenitazama, nimekutazama. Nimesema "nimerudi". Umesema "naona". Umekwenda jikoni, na sasa nakusikia unasogeza masufuria ambayo hayana haja ya kusogezwa. Mimi nimekaa na helmeti mapajani natazama ukuta. Nimeona karatasi mezani, nimeichukua. Nisamehe, sijui njia nyingine ya kuufikia mlango huo.

Barua yako ya kuniambia nisirudi niliipokea stendi, basi limeshashusha watu wote. Nikarudi chumbani kwangu nikakujibu. Niliandika jioni nzima. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kukuandikia, kila nilichotaka kukwambia tangu tuoane kilikuja chenyewe na mahali pake. Nikaisoma, nikaogopa. Niliona naweza kukaa mji ule usio na kilima mpaka nizeeke kabisa, nikikuandikia barua nzuri, na wewe ukinijibu, tukipendana sana. Halafu siku mmoja wetu akianguka, mwingine ataambiwa na karani wa mabasi. Nikaichana. Nikazima simu, maana ningesikia sauti yako ikinikataza ningetii.

Sikuandika njiani kwa sababu ningeandika ungejibu, na ungejibu ningesimama kusoma, na ningebaki hapo hapo.

Nimekuja polepole, unaijua skuta. Njia nzima nilikuwa najifunza kuongea na wewe kwa sauti, ndani ya helmeti. Nilikuwa nakwambia habari, halafu najijibu kwa sauti yako ya ukali, halafu nacheka. Askari wa barabarani alinisimamisha akidhani nimelewa. Nikamwambia nazungumza na mke wangu. Akatazama kiti cha nyuma, akaniruhusu niende taratibu. Nilikuwa nimeyapanga yote, Bi Pasi, neno la mlangoni, neno la kukaa, neno la kula. Mlango ulipofunguka nikakuona umekonda, na yote yakanitoka, nikasema "nimerudi" kana kwamba nilikwenda kununua chumvi.

Wewe unataka yule mtu wa barua. Mimi ndiye. Nimekaa hapa, nina vumbi mpaka kwenye nyusi, ni mimi huyo huyo niliyeandika yale yote. Sijui jinsi ya kumtoa mtu yule mdomoni, lakini siwezi tena kumtuma kwa basi.

Hii naisukuma chini ya mlango wa jikoni. Ukinijibu kwamba niende, nitakwenda, mafuta yapo. Ila andika kwa herufi kubwa, miwani nimeivunja.

Mume wako


Jikoni
Siku hiyo hiyo

Hamira,

USIENDE.

Hizo ndizo herufi kubwa. Kwa zilizobaki isogeze karatasi karibu na pua.

Barua yako nimeisomea sakafuni, nimekaa na mgongo kwenye mlango, ndiyo maana masufuria yamenyamaza. Nadhani na wewe umekaa upande wa pili, nakusikia unavyopumua na hilo pua lako. Siku zote hizi za kunyamaza nilishakuzika. Nilikuzika mara nyingi, kila nilipokuwa nikitoka stendi. Nilijilaani kwamba nilimfukuza mtu mzima kwake kwa sababu ya friji. Halafu nafungua mlango, uko wima, una mchubuko uso mzima upande mmoja na suruali imechanika magotini, na hujaniandikia lolote kwamba umeanguka. Nilitaka kupiga yowe, nilitaka kukupiga wewe, nilitaka kukushika. Nikasema "naona".

Mimi pia sijui kuanza. Hatukuwahi kufundishwa, na wenzetu walijifunza wakiwa vijana. Tutakuwa na siku za kusikiliza friji, nakwambia mapema. Usiwe unakwenda kutazama kuta. Na mimi mataulo nitayaacha yakunjamane.

Hii ndiyo karatasi ya mwisho ndani ya nyumba, na nyingine nikiipata nitaichoma. Simama polepole. Mlango hauna komeo. Ingia, vuta kiti, kaa. Usiseme jambo kubwa, jambo kubwa litatushinda sote wawili. Sema tu goti linakuuma.

Nitakuuliza ni lipi, ingawa naliona.

Mkeo